Injini imekufa na kila aliyeigusa ananawa mikono: tupeane uzoefu

bila_thamostati

Wakuu habari zenu. Kuna kitu nimekiona miaka yote ninayocheza na magari, injini ikifa inageuka yatima hapo hapo. Juzi ilikuwa "hiyo injini nimeisuka mimi kwa mikono yangu", leo imetoboa bloku kila mtu anakumbuka kwamba yeye aligusa kidogo tu. Aliyesuka anasema ni remapu, yaani kupangwa upya kompyuta ya injini, aliyefanya remapu anasema ni aliyesuka, muuza spea anasema imefungwa vibaya, na wote wakikutana wanakubaliana jambo moja tu, mwenye gari anakanyaga sana.

Sasa leteni za kwenu. Ilikufa nini, nani alimsukumia nani, na ni kitu gani hasa kilimaliza ubishi. Majina ya gereji na ya watu tuyaache, sitaki kesi humu.

Naanza mimi. Gari ina tabo, ile inayosukumia injini hewa zaidi, injini kaisuka fundi mmoja, remapu kafanya mwingine. Ikatembea vizuri tu mpaka ilipoanza kugonga kwa chini, ule mlio mzito unaofuata mzunguko wa injini, ukikanyaga unaongezeka na ukiachia mafuta ghafla unausikia vizuri zaidi. Anayeujua anaujua, beringi ya konrodi hiyo, konrodi ni ule mkono unaounga pistoni na krenki, shafti kuu inayozunguka chini. Fundi wa kusuka akasema bila hata kuiona kwamba presha ya tabo imepandishwa mno imeponda beringi. Wa remapu naye akasema nafasi ya oili kati ya beringi na krenki iliachwa vibaya. Wakaanza kunitumia meseji ndefu ndefu kila mmoja anamchambua mwenzake.

Nikagoma. Nikasema injini haifunguliwi mpaka wote wawili wawe wamesimama hapo. Walinuna lakini walikuja. Sampu, lile karai la oili chini ya injini, ikashushwa, beringi zote za konrodi zimekwanguka mpaka shaba inaonekana na moja imeshazunguka kwenye kiti chake. Hapo wote wakanyamaza kidogo maana kama ingekuwa moja tu mbovu tungebishana mpaka jioni, ila zote kwa pamoja maana yake oili haikuwa inafika. Tukageuza kichujio cha pampu, kile cha wavu kinachokaa chini ndani ya sampu, kimejaa vipande vya silikoni nyeusi. Fundi wa kusuka anatumia ya kijivu, na kwenye kingo za sampu ilionekana wazi kuna nyeusi juu ya mabaki ya kijivu. Kumbe kati yao kuna mtu wa tatu aliyeziba mvujo wa oili, kaipaka silikoni nyingi ikabinuka kwa ndani ikakatika vipande. Huyo hakuwa ametajwa na mtu yeyote kwenye ubishi wote ule! Alipopelekewa picha alijitetea kwamba silikoni nyingi ndo kuziba vizuri, ila mwisho alichangia krenki.

belti_na_nyororo

Mkuu hiyo ya mtu wa tatu nimeipenda. Mimi yangu ni taimingi belti, ile inayofanya valvu zifunguke kwa zamu na pistoni. Ilibadilishwa, haijamaliza hata robo ya muda wake gari ikazima barabarani bila hodi. Ukiwasha starta inazunguka kirahisi mno, haina ule uzito wa kubana, ukishasikia hivyo jua valvu hazifungi tena. Injini yangu ni ile ambayo valvu na pistoni zinatumia nafasi moja kwa zamu, belti ikipoteza zamu zinakutana. Sio injini zote ziko hivyo, zipo ambazo belti inakatika unabadilisha unaendelea na safari, ila yangu hapana, valvu zilipinda karibu zote.

Fundi akasema belti feki. Muuza spea akasema belti ni halisi ila fundi hajui kukaza. Mimi katikati sina elimu yoyote ya belti. Nilichofanya nikaichukua belti yenyewe nikaipeleka kwa mzee mmoja anayefanya injini tu maisha yake yote. Hakuuliza jina la kampuni wala nini, aliikunjua akaipitisha vidoleni mzunguko mzima halafu akasema meno yote yapo. Belti mbovu au iliyobanwa na pampu iliyokwama inapoteza meno au inakatika katikati. Hii meno yapo, lakini ukingo mmoja umelika umechanika nyuzi, maana yake ilikuwa inatembea upande upande inasugua kitu. Akauliza rola ya kukazia ilibadilishwa? Haikubadilishwa. Ilibadilishwa belti peke yake, ile rola ya zamani beringi yake ilishalegea ikawa inakaa mshazari inaisukuma belti nje.

Kwa hiyo belti ilikuwa halisi, na kukaza kulikuwa sawa. Wote wawili walikuwa sahihi kwenye kujitetea na wote wawili walikosea kwenye kushtaki. Fundi akasema "mteja ndo alitaka belti tu", na hapo ndo ubishi ukaanza upya hahaha maana hakuna mahali palipoandikwa.

oili_safi

Ya kwangu fupi. Filta ya oili. Ile ya zamani ilitolewa mpira wake ukabaki umeganda kwenye bloku, mpya ikafungwa juu yake na mpira wake. Mipira miwili. Ilikaa vizuri injini ikiwa inalala sailensa tu, nilipoingia barabara kubwa presha ikaongezeka ikasukuma mpira nje na oili yote ikaenda. Ubishi haukuwepo kabisa, fundi alipoifungua filta akaiona mipira miwili aliangalia chini akasema bosi hii yangu. Nimekutana na mafundi wengi, huyo ndo bado namtumia mpaka leo.

bila_thamostati

@oili_safi "injini ikiwa inalala sailensa tu" ndo mnaongeaje huko kwenu 😂

oili_safi

Inanguruma bila kukanyaga bana, umeelewa.

mtu_wa_remapu

Naomba nisimame upande wa washtakiwa maana mimi kazi yangu ndo hiyo ya kupanga kompyuta za injini, na injini yoyote iliyowahi kupita kwangu ikifa hata baada ya miaka naitwa mimi kwanza.

Alikuja jamaa, injini yake imepinda valvu, anasema remapu imeua. Mimi kila gari ninayoifanyia naacha kompyuta irekodi, kwahiyo tukafungua rekodi mbele yake. Sehemu moja mzunguko unapanda ghafla unapita 9,000 wakati kikomo nilichoweka ni 7,200. Yeye akaruka juu, "umeona, kikomo chako hakifanyi kazi!" Nikamwambia subiri angalia mistari mingine. Kanyagio liko sifuri. Mafuta yamekatwa, injekta hazifunguki. Spidi ya gari inashuka. Sasa injini isiyopewa mafuta wala hewa inapandaje mpaka 9,000? Inapandishwa na matairi. Alikuwa anatoka gia ya tatu kwenda ya nne, mkono ukateleza akadondokea ya pili. Kikomo cha kompyuta kinaweza kukata mafuta na moto tu, hakiwezi kuzuia matairi yasiizungushe injini. Kwa mzunguko ule springi za valvu zinashindwa kurudisha valvu kwa wakati, pistoni inazikuta bado ziko wazi.

Hii sio mpya wala sio ya kwangu tu. Porsche wao kompyuta ya injini inahifadhi mizunguko yote iliyopita kikomo kwa madaraja, kwenye modeli za baadaye yanafika 6, na watu wanaonunua zilizotumika wanaomba hiyo ripoti kabla ya kutoa hela. Daraja la juu likiwa na namba inabidi muuzaji ajieleze.

Kwahiyo msituonee jamani. Kuna remapu mbovu zinaua, sikatai, na zenyewe zinaacha alama zake. Mlipuko wa mapema ndani ya silinda unavunja zile kuta nyembamba kati ya pete za pistoni na unaacha vitobo vidogo vidogo kwenye uso wake. Joto la kupitiliza linayeyusha shimo katikati. Pistoni moja ikiwa imeyeyuka na nyingine zote safi kabisa kabla hujanitukana kapime injekta ya hiyo silinda.

dada_wa_gia

@mtu_wa_remapu sawa kaka lakini hiyo rekodi iko kwa nani? Iko kwako. Wewe ndo mshtakiwa na wewe ndo mwenye ushahidi. Mteja angepewa nakala yake siku anachukua gari hapo ningekuelewa zaidi.

mtu_wa_remapu

Dada hapo umenibana. Nakala nitakuwa nawapa.

dizeli_tu

Mimi maji. Kuna dimbwi nililipita gari ikavuta maji kwenye njia ya hewa ikazima. Tukatoa plagi za joto, tukazungusha starta maji yakaruka, tukarudisha ikawaka, inatetemeka kidogo tu ikiwa baridi. Bima wakalipia usafi, oili na kichujio cha hewa, faili likafungwa. Miezi ikapita nikiwa natembea mwendo wa kawaida kabisa konrodi ikatoka nje ya bloku. Bima wanasema hiyo ni uchakavu, haihusiani na maji. Gereji wanasema sisi tulitoa maji yakaisha, kama konrodi ilipinda ingegoma siku ile ile.

Hapa ndo nilijifunza kitu. Mkaguzi mmoja wa kujitegemea aliangalia silinda tu, hata hakuhangaika na vile vipande vya konrodi vilivyotawanyika. Juu ya kila silinda kuna mstari mweusi wa masizi, pale ambapo pete ya juu haifiki. Silinda tatu mstari ni mwembamba. Ya nne mstari umeshuka chini ni mpana karibu mara mbili. Maana yake kwa muda mrefu kabla ya kuvunjika ile pistoni ilikuwa haifiki juu sawa na wenzake, konrodi yake ilikuwa fupi, na konrodi haiwezi kuwa fupi ikiwa haijapinda. Masizi hayajengeki kwa siku moja. Konrodi ilipinda siku ya maji, kila mzunguko ikawa inakunjwa pale pale mpaka chuma kikachoka. Picha ya mistari ile minne ndo iliyofungua faili upya, maneno yangu mimi hakuna aliyekuwa anayasikiliza.

Mkipita maji gari ikazima, msiwashe tena. Na mkishatoa maji ombeni pistoni zipimwe zinafika juu kiasi gani, plagi zikiwa nje ni kazi ndogo tu.

mpenzi_wa_resi

Nyie mnalia na mafundi wa mtaani, hata wakubwa wanasukumiana. Le Mans 2016, zile mbio za saa 24, Toyota anaongoza saa ya 24 inakaribia kuisha zimebaki dakika chache, gari ikapoteza nguvu ikasimama karibu na mstari wa kumalizia mbele ya watu wote, Porsche akapita akashinda. Dunia nzima ikasema injini ya Toyota imekufa. Uchunguzi wao ukaonyesha ni kiunganishi kwenye bomba la hewa kati ya tabo na kipozeo cha hewa. Bomba wakuu!

Halafu Formula 1, timu ya McLaren na injini za Honda, 2015 mpaka 2017. Kila kitu kibovu ni injini, Dereva wao Alonso akailalamikia redioni pale Suzuka, uwanja wa Honda wenyewe, kwamba ni injini ya GP2, yaani ya daraja la chini ya Formula 1. Na kweli ilikuwa mbovu, ilikuwa inakufa kufa. Ila timu ilikuwa inatuaminisha kwamba gari lenyewe ni bora kabisa, injini tu ndo inawaangusha. 2018 wakafunga injini ya Renault, Red Bull naye ana Renault hiyo hiyo. Red Bull akashinda mbio nne, McLaren akamaliza wa sita bila kushinda hata moja. Honda wakaendelea kutengeneza wakahamia Red Bull na 2021 Verstappen akachukua ubingwa nayo. Kumbe injini mbovu ilikuwa pia inaficha ubovu wa gari.

belti_na_nyororo

Umesahau Hamilton Malaysia 2016, injini inaungua anaongoza, akauliza kwanini ni zake tu zinakufa. Watu wakaanza nadharia za hujuma. Mercedes wakasema beringi ya konrodi. Ubingwa akaukosa kwa pointi 5. Hata kwenye mabilioni ni beringi tu jamani.

dada_wa_gia

Mimi naleta ya nyumbani, nyie mseme nani mwenye kosa maana familia yetu mpaka leo imegawanyika.

Gari nilitoka kuifanyia sevisi, walibadilisha mpira wa juu wa rejeta. Kesho yake shemeji akaomba kuazima. Akarudi kwa kuvutwa. Imechemsha, gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini, imeungua, na ilipofunguliwa hedi fundi akaweka rula ya chuma juu yake akapitisha vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kikaingia cha 0.20 wakati kitabu cha ile injini kinaruhusu 0.05 ya milimita. Hedi imepinda.

Chanzo kilionekana mapema, klempu ya mpira mpya haikukazwa ikateleza maji yakamwagika. Kwahiyo shemeji akasema kosa ni la gereji, yeye ni abiria tu kwenye msiba huu. Gereji wakasema ni kweli klempu ni yetu tutalipia mpira na maji, lakini klempu haipindishi hedi, hedi imepindishwa na aliyeendelea kuendesha. Shemeji anaapa kwamba alisimama mara tu alipoona moshi, na kwamba mshale wa joto haukuwa juu.

Fundi mwingine akachomeka mashine ya kusoma kompyuta. Hitilafu ya joto kupita kiasi ipo, P0217, halafu akaingia sehemu nyingine ambayo mimi sikujua kama ipo, kompyuta inahesabu umbali gari iliotembea taa ya injini ikiwa imewaka. Kilomita 30 na kitu. Thelathini! Shemeji akanyamaza. Dada yangu akaninunia mimi.

bila_thamostati

Hapo shemeji kaua injini, mjadala umefungwa 😅

fundi_mstaafu

Haujafungwa. Mdogo wangu usimhukumu shemeji kwa mshale. Maji yakishaisha kabisa ile sensa ya joto inabaki kwenye hewa, haiguswi na maji, na mara nyingi mshale unashuka unarudi kawaida wakati injini inaiva. Kwahiyo anaposema mshale haukuwa juu anaweza kuwa anasema kweli tupu. Taa ya injini nayo ni ya njano, watu wengi wanaishi nayo miaka hawajui inasema nini.

Tofautisheni aliyeanzisha na aliyemaliza. Gereji wameanzisha. Dereva amemaliza. Bila klempu hakuna kilichotokea, na dereva angesimama mapema ingekuwa mpira na maji tu. Mimi ningegawa, sehemu kubwa gereji kwa sababu wao ndo walikuwa wanalipwa kujua. Dereva wa kuazima hakulipwa kitu.

dizeli_tu

Mzee hapana, kilomita 30 na taa imewaka? Hata asiyejua gari anaona hita inapuliza baridi, gari inakosa nguvu, inanuka. Nusu kwa nusu.

dada_wa_gia

Ndo maana nimesema familia imegawanyika 😂

mlipa_risiti

Mmemsahau mshtakiwa mmoja, aliyetengeneza gari. Huyo kila siku ana jibu moja, mteja hakufanya sevisi. Na mara nyingi ni kweli, ila angalieni. Hyundai 2015 waliita yarudi kurekebishwa magari karibu 470,000 ya Sonata ya 2011 na 2012 kule Marekani, mabaki ya chuma ya kiwandani yalibaki kwenye njia za oili za krenki yakawa yanakula beringi. Toyota 2024 wakaita kama 102,000, Tundra na Lexus LX za 2022 na 2023, tena mabaki ya kuchonga chuma, beringi kuu. GM 2025 karibu 600,000 zenye V8 ya lita 6.2, kasoro kwenye krenki na konrodi, na zile zilizopita ukaguzi zikawekewa oili nzito zaidi, kutoka 0W-20 kwenda 0W-40. Sasa fikiria yule ambaye injini yake ilikufa kabla ya tangazo, risiti za oili amezitupa, atajibu nini akiambiwa hakufanya sevisi?

Mimi ya kwangu ilikufa ikiwa bado ina garantii. Nisitaje kampuni. Wakakataa, wakasema sevisi ilifanywa nje. Nikaweka mezani risiti, kila moja ina tarehe, kilomita, na daraja la oili lililoandikwa kwenye kitabu cha gari. Nikawauliza swali moja tu, ni sevisi ipi kati ya hizi iliyoharibu beringi? Wakaomba muda. Wakarudi wanazungumza lugha nyingine kabisa, "kwa nia njema" watalipa injini mimi nilipe ufundi. Kuna nchi sheria iko wazi kwenye hili, Marekani tangu 1975 mtengenezaji haruhusiwi kufuta garantii eti kwa sababu hukutumia spea yenye nembo yake. Popote ulipo soma kile kijitabu cha garantii, watu wanakitumia kuwekea chupa.

oili_safi

Na wale wa "oili nzito ndo inalinda injini" mko wapi, njooni mseme neno maana GM wamewapa silaha 🤣

mtu_wa_remapu

Usianze hiyo vita hapa. Nitasema hili tu, kwenye injini ndogo za tabo zenye injekta ndani ya silinda, daraja la oili lilibadilika kwa sababu ya injini kuvunjika. Kulikuwa na mlipuko wa mapema kwenye mzunguko mdogo unaovunja pistoni, na kiasi cha kalsiamu kwenye oili kilihusika. API, taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili, wakatoa SN PLUS 2018 halafu SP 2020. Mtu anaweka oili ya daraja la zamani, pistoni inavunjika, halafu ananiita mimi.

fundi_mstaafu

Ngoja niwaambie kinachoua kesi nyingi kuliko vyote. Kuosha. Injini inafunguliwa, kijana anachukua beseni la petroli anaosha kila kitu kinang'aa, halafu mnaitwa mje muangalie tatizo. Mnaangalia nini? Ushahidi umeshamwagwa mtaroni.

Mimi nilikuwa nafanya hivi. Kabla ya kumwaga oili yote nachukua kidogo kwenye chupa safi, ile ya katikati ya mmiminiko, naandika tarehe na kilomita. Maabara wakiipima wanakuambia mengi. Risasi na shaba zikiwa juu ni beringi. Silikoni na alumini pamoja mara nyingi ni vumbi, kichujio cha hewa kina njia. Sodiamu na potasiamu ni maji ya rejeta yameingia. Petroli nyingi ndani ya oili, kaangalie injekta. Hapo silikoni naomba msichanganye na ile ya kuzibia ya bwana mwenye uzi, ingawa nayo inaweza kupandisha namba.

Pili filta. Usiitupe. Ikate, vuta ile karatasi ya ndani uikunjue iwe ndefu, ikamue, iweke juani. Utaona vimetameta. Pitisha sumaku. Vinavyonasa ni chuma, krenki, pete, nyororo ya taimingi. Visivyonasa vinavyong'aa rangi ya shaba au fedha laini ni beringi, alumini ni pistoni au hedi. Hiyo karatasi peke yake nimewahi kuitumia kumaliza ubishi wa watu waliokuwa tayari wameitana polisi.

Tatu, beringi zipangwe kwa namba zilivyotoka, ya juu na ya chini yake. Zikichanganywa kwenye ndoo hamna tena cha kusoma. Na kila anayetuhumiwa aitwe kabla ya bolti la kwanza. Akikataa kuja andika kwamba aliitwa.

klachi_imekufa

Wakuu samahani nimeingia moja kwa moja, uzi huu umenikuta kwenye shida. Injini imeanza kugonga baada ya kubadilishiwa pampu ya oili, taa nyekundu ya oili iliwaka nikazima palepale. Gereji ile ile iliyofunga pampu wanasema wanaifungua leo jioni wataniambia tatizo. Niwaache?

fundi_mstaafu

Usiwaache. Wapigie sasa hivi waambie isifunguliwe mpaka ufike na mtu wako. Kwanza wapime presha ya oili kwa geji ya mkono, hiyo haihitaji kufungua injini, na upige picha namba ikiwa baridi, na ikiwaka bila kugonga sana ndo waiache ipate moto, ikigonga sana wazime waache hapo hapo. Filta iliyopo waitoe mbele yako, ikae kwako. Oili iingie kwenye chombo safi usiruhusu imwagwe.

bila_thamostati

Na ulizia pampu ya zamani iko wapi.

klachi_imekufa

Pampu ya zamani wanasema wameitupa. Nimewapigia, mwanzo walikuwa wakali, wanauliza siwaamini? Nikasema nataka tu niwepo. Wamekubali kusubiri mpaka kesho asubuhi. Fundi wangu mwingine kakubali kunisindikiza, ana geji yake. Nikipata picha za kichujio cha pampu nazileta hapa hapa.

belti_na_nyororo

Piga picha na bolti za pampu kabla hazijaguswa, zimewekewa alama ya kukazwa au hapana.